Kaida ya usanidi si kanuni

Nimeisikia tena wiki hii: "FreeBSD inavunja kanuni, inaweka mipangilio ndani ya /usr/local/etc badala ya /etc." FreeBSD ni mfumo endeshi wa kompyuta, kama ilivyo Linux, na hizo mbili ni saraka (folda) zake. Aghalabu wanaosema hivyo ni watu wanaoijua kazi yao, na ndiyo maana naona inafaa kulifafanua.

Kaida ya usanidi ni mazoea waliyokubaliana watengenezaji wa mfumo fulani: mafaili ya mipangilio yakae wapi, yapewe majina gani, na nani ayaguse. Basi.

Tatizo liko kwenye neno. Kaida na kanuni yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, lakini asili zake ni mbali. Kaida ni qaida, yaani msingi, kile ambacho jengo limekalia. Kanuni ni qanun, neno ambalo Waarabu nao walilipokea kutoka kwa Wagiriki: kanon, fimbo iliyonyooka ya kupimia. Fimbo hupima kazi ya yeyote. Msingi hubeba nyumba yake tu, na huwezi kuutazama msingi wa nyumba hii ukahukumu kwamba ile ya pili imejengwa kombo.

Upande wa Linux, fimbo ya namna hiyo ipo kwa kiasi: FHS (Filesystem Hierarchy Standard), waraka unaoeleza saraka zipangweje, uliotokana na kazi iliyoanza miaka ya 1990 na ambao toleo lake la 3.0 lilitoka 2015. Sera ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, inauzingatia, ikijiwekea vighairi vyake. FreeBSD haiufuati, mpangilio wake umeelezwa katika ukurasa wa mwongozo uitwao hier. Huko /etc ni ya mfumo wa msingi, na /usr/local/etc ni ya programu zilizoongezwa baadaye. Mpaka huo una maana kwa sababu mfumo wa msingi wa FreeBSD hutengenezwa kwa pamoja. Debian haina mpaka wa aina hiyo, kwani hata kerneli, yaani kiini cha mfumo, huja kama kifurushi, sawa na programu nyingine yoyote.

Sasa changanya. Debian GNU/kFreeBSD, iliyotolewa kwa majaribio pamoja na Debian 6.0 mwaka 2011, ilikuwa na kerneli ya FreeBSD, lakini maktaba ya C, msimbo ambao programu nyingi huutegemea, ilikuwa ya mradi wa GNU na vifurushi vilikuwa vya Debian. Ifuate kaida ya nani? Ya Debian. Kerneli haisomi rc.conf, faili kuu la mipangilio la FreeBSD; faili hilo husomwa na skripti za kuwashia mfumo, na skripti hizo zilikuwa za Debian.

Anayetaka kugawa nusu kwa nusu ili kila upande uridhike ataangushwa na herufi moja. Katika Debian, /etc/default ni mahali ambapo msimamizi huhariri. Katika FreeBSD, /etc/defaults haiguswi: unaandika mabadiliko yako ndani ya /etc/rc.conf, na yaliyomo humo hushinda yale ya /etc/defaults/rc.conf. Ukiyahariri yale ya asili, usasishaji unaweza kukufutia kazi yote. Majina yanakaribia kufanana, ila agizo ni kinyume kabisa.

Kwa hiyo, rafiki, FreeBSD haijavunja kitu. Sema tu kwamba kaida yake ni tofauti na uliyoizoea, kisha kabla ya kuhamisha faili lolote, tafuta ni programu ipi inayolisoma.