Kijana Haingii Maktaba? Ichunguze Kwanza Maktaba Yenyewe

Sisi wakutubi huambiwa karibu kila mwaka wa masomo kwamba vijana hawasomi, na mara nyingi wanaotuambia ni watu wazima ambao hawajaikanyaga maktaba ya shule yao kwa muda mrefu. Tukienda kuitazama hiyo maktaba, tunakuta hufunguliwa wanafunzi wakiwa darasani na kufungwa wanapotoka. Rafu zimejaa vitabu vya kiada vya mtaala uliokwisha kufutwa, migongo yake imefifia hata majina hayasomeki. Ukutani kuna kibao kimoja tu: KIMYA. Kijana wa miaka 15 anayechungulia humo na kwenda zake hana kosa. Ameona hakuna kilichowekwa kwa ajili yake.

Hatusemi kwamba tatizo la usomaji ni la kuzushwa. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2018, ambayo hupima wanafunzi wa miaka 15, karibu nusu ya wanafunzi wa nchi za OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, walikubali kwamba husoma pale tu wanapolazimika. Jibu hilo linatuambia mengi kuhusu namna shule inavyowakutanisha na vitabu: kitabu huja na maswali, maswali huja na alama, na alama mbaya huja na lawama. Maktaba ni mahali pa nadra shuleni ambapo mwanafunzi anaweza kukabidhiwa kitabu bila kudaiwa chochote. Nguvu yake iko hapo, na tukiigeuza kuwa darasa jingine tumeiua.

Kazi ya kwanza ya kuihuisha, tena inayoogopwa kuliko zote, ni kupunguza vitabu. Wakuu wa shule wengi huhesabu vitabu kama mali: kadiri vinavyokuwa vingi, ndivyo ripoti inavyopendeza. Lakini rafu iliyosongamana huficha vitabu vizuri katikati ya vilivyokufa, na msomaji asiye na uzoefu hana subira ya kuvichambua. Mwaka 1931 S. R. Ranganathan, mwanahisabati wa India aliyegeuka mkutubi, aliweka kanuni tano za ukutubi, na ya kwanza ni fupi kabisa: vitabu ni vya kutumiwa. Basi chukueni rejista ya uazimishaji, mtazame ni vitabu gani havijatoka rafuni kwa miaka kadhaa. Ramani zinazoonyesha nchi zisizokuwepo tena, miongozo ya kompyuta ambazo hazitengenezwi tena, vitabu vya afya vyenye ushauri uliokwisha kubadilishwa na madaktari, vyote hivyo vitoke. Hivi vya mwisho vina madhara hasa, kwa sababu kijana atauamini ushauri huo kwa kuwa ameukuta shuleni.

Tahadhari ipo. Nakala pekee ya kitabu cha historia ya eneo, au cha lugha yenye machapisho machache, haipimwi kwa rejista. Ihifadhiwe, hata ikibidi kuwekwa kabatini mwake. Na uondoaji uwe na kumbukumbu iliyosainiwa, mkaguzi asije akadhani vitabu vimeibwa.

Rafu zikipata nafasi, vitabu vingine vigeuzwe vionyeshe jalada badala ya mgongo. Hakuna muuza nguo anayepanga bidhaa zake akionyesha pindo peke yake. Kwa kuwa kila jalada hula nafasi ya migongo kadhaa, chagueni vichache na mvibadilishe mara kwa mara. Karibu na kila kimoja wekeni kikaratasi chenye sentensi mbili au tatu zilizoandikwa na mwanafunzi aliyekisoma, kwa lugha yake mwenyewe. Mwalimu asiisahihishe. Kijana humwamini kijana mwenzake haraka kuliko anavyotuamini sisi, na sioni sababu ya kushindana na ukweli huo wakati tunaweza kuutumia.

Halafu linakuja suala la vitabu vyenyewe, na hapa ndipo watu wazima hugombana. Vibonzo, riwaya za mapenzi, hadithi za upelelezi na za kutisha, majarida ya michezo: je, viwekwe? Viwekwe. Mwanafunzi anayefuatilia hadithi ya vibonzo juzuu baada ya juzuu anajifunza kukumbuka wahusika, kubashiri tukio lijalo na kusoma kilichoachwa bila kusemwa kati ya picha mbili. Muhimu zaidi, anazoea kukaa na kurasa. Anayedharauliwa kwa alichokichagua hakimbilii kitabu bora, huacha kuchagua. Mwandishi na mwalimu wa Ufaransa, Daniel Pennac, aliorodhesha mwaka 1992 haki 10 za msomaji, miongoni mwake haki ya kuruka kurasa, ya kutomaliza kitabu na ya kusoma chochote. Watu wazima tunajipa haki hizo kila siku, lakini vijana tunawanyima kisha tunashangaa wanapoona usomaji ni kifungo.

Kamati ya wanafunzi ipewe sauti ya kweli katika ununuzi. Kuwauliza wanapenda nini, kisha kununua alichokitaka mkuu wa idara, ni vibaya kuliko kutowauliza kabisa. Itengwe sehemu ya bajeti, hata ikiwa ndogo, ambayo uamuzi wake ni wao ndani ya mipaka iliyokubaliwa tangu mwanzo. Na wasichaguliwe viranja na vinara wa darasa peke yao. Yule anayejigamba hajawahi kumaliza kitabu ana mengi ya kuwafundisha wanunuzi.

Mashindano ya kusoma vitabu vingi kwa ajili ya zawadi yanahitaji uangalifu. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti kama malipo ya kuchora walionekana baadaye kuchora kidogo kuliko wenzao wakati hakuna zawadi. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakuathirika hivyo. Wale walikuwa watoto wa chekechea, nao walikuwa wakichora, kwa hiyo hatuwezi kuuhamishia utafiti huo wote kwa vijana na vitabu. Hata hivyo, walimu wengi wameshaona mwanafunzi anayechagua vitabu vyembamba kuliko vyote ili afikishe idadi. Ikiwa lazima kuwe na zawadi, iwe kitabu, na ije kwa kushtukiza.

Kuhusu kelele, nitasema machache. Chumba kigawanywe: kona ya mazungumzo, kona ya utulivu. Kama ni kimoja na kidogo, gawanyeni saa.

Faini ni jambo jingine linalofukuza watu. Kijana aliyechelewesha kitabu na hana cha kulipa hukificha, kisha huikwepa maktaba mpaka anahitimu. Chicago, Marekani, maktaba za umma za jiji zilifuta faini za ucheleweshaji mwaka 2019 kwa kutambua kwamba zilikuwa zikiwazuia watu kurudi. Shule inaweza kumtaka mwanafunzi arudishe kitabu kabla ya kuazima kingine, au amsaidie mkutubi kukarabati vilivyochanika. Kitabu kimoja kilichopotea mikononi mwa msomaji kinauma, lakini kuna vingi zaidi vilivyopotea rafuni pasipo yeyote kuvigusa.

Lipo jambo ambalo huwa halizungumzwi: siri ya msomaji. Vijana wa umri huu wana maswali kuhusu miili yao, huzuni, ugomvi wa nyumbani, imani na mapenzi. Wengi hawatayauliza kwa mdomo, ila watayatafuta kitabuni endapo watakuwa na hakika kwamba hakuna atakayewatangaza. Orodha ya wadaiwa isibandikwe ukutani ikiwa na majina ya vitabu. Mkutubi asitamke kwa sauti kichwa cha kitabu mbele ya foleni, na asimwambie mwalimu wa darasa nani ameazima nini kwa kuwa tu ameulizwa. Vitabu vya aina hiyo vikiwekwa mahali ambapo mtu anaweza kusimama bila kutazamwa na chumba kizima, vitaguswa. Vikiwekwa mbele ya meza ya mkutubi, havitaguswa kamwe. Kama mkutubi ana wasiwasi wa kweli kuhusu usalama wa mwanafunzi, aanze kwa kuzungumza naye faraghani, kisha afuate utaratibu wa shule wa ulinzi wa mtoto.

Kwa shule zenye vitabu vichache mno, hayo yote yanawezekana kwa kiwango kidogo. Sanduku la vitabu 30 linalozunguka madarasani, likibadilishwa kila baada ya wiki chache, huwafikia wengi kuliko chumba kizuri kilichofungwa kwa kufuli. Katika ratiba, dakika 15 za kila mtu kusoma akipendacho, mwalimu naye akisoma chake badala ya kusahihisha madaftari, zinatosha kuanzia. Mwisho wa muhula, ripoti ya maktaba isitaje tu idadi ya vitabu vilivyopo. Iseme pia vimeazimwa mara ngapi, na ni wanafunzi wangapi walioazima kwa mara ya kwanza.