Ryne Sandberg hakushushwa hadhi ligi ndogo

Wengi wakimwona nyota wa zamani wa besiboli akifundisha timu ya ligi ndogo Marekani, ambako vijana huandaliwa kwa timu kubwa, husema mambo yamemwendea kombo. Si kweli. Ryne Sandberg wa Chicago Cubs alikuwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili kuu za besiboli, mwaka 1984, akatwaa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora uwanjani, mara 9, na mwaka 2005 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli. Mwaka 2007 alikwenda mwenyewe kuongoza Peoria Chiefs, vijana wa ngazi za chini wanaosafiri kwa basi mji hadi mji.

Kazi yenyewe ni nzito. Klabu mama, yaani timu kubwa inayoandaliwa vijana hao, ndiyo huamua mrushaji arushe mipira mingapi na kijana gani apangwe. Meneja analea vipaji, hata mechi ikipotea. Mara nyingi husimama mwenyewe karibu na kituo cha tatu, akimpungia mkimbiaji aendelee au asimame.

Sandberg alipanda ngazi moja moja katika timu ndogo za Cubs: Tennessee, kisha Iowa. Cubs walipompa mtu mwingine nafasi ya umeneja wa timu kubwa ambayo, kwa maoni yangu, Sandberg alikuwa ameistahili, akahamia Lehigh Valley, timu ya ligi ndogo chini ya Philadelphia Phillies. Agosti 2013 Phillies wakamkabidhi timu kubwa, kwanza kwa muda, kisha rasmi.