Uongo njoo, utamu kolea: tunayoyakosea kuhusu masimulizi ya wazee wetu

Hii naisikia karibu kila wiki hapa Dodoma, kwamba hadithi za bibi na babu ni uongo mtupu, na mtu anakupa na ushahidi kabisa, ati si mnaitikia wenyewe "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea"? Jamani. Ule mwitikio ni hodi tu, ni kuambiana kwamba sasa tumekaa na tunasikilizana, siyo cheti kwamba kila kinachofuata kimetungwa. Wazee wana ngano za sungura na fisi na wana habari za mambo yaliyotokea, na wao hawachanganyi, tunaochanganya ni sisi.

Chukua Mtunya. Ni njaa iliyoipiga Ugogo, yaani nchi ya Wagogo hapa Dodoma, kuanzia mwishoni mwa vita kuu ya kwanza mpaka kwenye 1920 hivi. Shuleni vita ile tulisomeshwa ni Mjerumani na Mwingereza, nani alimfukuza nani na wapi, basi. Huku Ugogo inasimuliwa kutokea ghalani na zizini, kwamba majeshi ya pande zote mbili yalibeba ng'ombe, yakabeba nafaka, yakabeba na vijana wakawe wapagazi, halafu mvua ikakataa, na yale mafua makubwa ya 1918 yakakuta watu wameshakwisha nguvu. Jina lenyewe ni la kugombania, kunyang'anyana, yaani ukilisikia tu umeshajua hali ilikuwaje. Na enzi hizo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa wapi? Umri wa mtu ulihesabiwa kwa njaa, huyu kazaliwa kabla, huyu baada, kwa hiyo simulizi ndiyo ilikuwa kalenda. Ndiyo maana mtu akinitania Wagogo na njaa zenu mimi nacheka, utani ni utani bwana, ila huwa namuuliza kama anajua nani alilifagia lile ghala.

Wengine wanasema sawa, lakini maneno ya mdomo yanabadilika kila siku, hayaaminiki. Hapa twende na jina la mji wetu wenyewe. Ile inayojulikana zaidi ni ya tembo aliyekuja kunywa maji akanasa kwenye tope, watu wakamwona wakasema kwa Kigogo "idodomya", amezama. Ila kuna nyingine, na hii ndiyo naipenda kuliko zote, kwamba Wagogo waliiba ng'ombe wa jirani zao Wahehe wakachinja wakala wote wakabakiza mikia, wenyewe walipokuja kuulizia wakapelekwa kwenye tope wakaonyeshwa mikia imechomekwa imesimama, ng'ombe wenu ndio hao, idodomya! Sasa ipi ya kweli? Sikiliza vizuri, zote mbili kuna tope, kuna kitu kimezama na neno ni lile lile, kinachobadilika ni nani kakaa mbele ya msimulizi. Mgeni wa heshima anapewa tembo, mtani anapewa mikia. Hiyo siyo kusahau, huko ni kumjua unayeongea naye. Na hao wanaoamini karatasi tu wakumbuke kwamba Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapa hapa, alipoandika historia ya Wagogo kwa Kiswahili miaka ya 1950, mengi yalikuwa yametunzwa vichwani mwa wazee siku zote hizo.

Halafu Kolo, kule Kondoa. Kuna watu mpaka leo wanaamini ile michoro kwenye miamba ni alama za Mjerumani kuonyesha alikoficha mali, na wengine wanafika na majembe kabisa. Aisee. Michoro mingi ilikuwepo kabla Mjerumani hajaijua hata njia ya kuja huku. Ile mingi ya rangi nyekundu watafiti wanaihusisha na jamii za wawindaji, mababu wa watu kama Wasandawe, na ile nyeupe inaonekana ni ya baadaye. UNESCO iliingiza eneo lile kwenye urithi wa dunia 2006, na sababu mojawapo ni kwamba watu wa pale bado wanaenda kwenye yale mapango kwa tambiko, kuomba mvua na uponyaji. Kwa hiyo wanaosema ni makumbusho ya watu waliokwisha nao wamekosea, wenyewe wapo.

Na la haraka, eti kupiga ngoma ni kazi ya wanaume: nenda kaangalie Muheme, ngoma yetu ya Wagogo, ngoma wamezibana miguuni akina mama, na asili yake ni unyago wa wasichana.

Dhana iliyonishika mimi mwenyewe ni hii, kwamba tukishawarekodi wazee kwenye simu basi kazi imekwisha. Mwaka jana nilienda kijijini nikamkalisha bibi mdogo kwenye kiti, simu mbele yake, nikamwambia bibi simulia ukoo wetu ulivyohama. Akaongea dakika kumi, kanyooka kama anatoa maelezo polisi, nikashukuru nikatuma kwenye grupu la ukoo. Kesho yake jioni tunamenya karanga, wajukuu wakaanza kumchokoza, bibi hao ng'ombe walivukaje mto, simulizi ile ile ikachukua karibu saa nzima, kukaingia nyimbo ambazo mimi kwenye rekodi sinazo, kukaingia na jina la mwanamke ambaye mchana hakumtaja kabisa kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wifi yake akawa anamkatiza, hapana, siyo mto ule, na ng'ombe hawakuwa arobaini, mama alisema thelathini. Wakabishana mpaka karanga zikaisha, na mpaka leo hawajaelewana, juzi bibi kanipigia simu kuniambia nikienda Krismasi nisiende kwanza kwa wifi yake.