Tatuu za nukta na mahali pa kuzichora: dhana potofu na ukweli

Tatuu ya nukta haina rangi iliyojazwa wala kivuli kilichopakwa. Mchoraji anadonoa kitone kimoja kimoja cha wino mweusi. Akitaka giza anavibananisha, akitaka mwanga anaviachanisha mpaka inabaki ngozi tupu. Ndiyo maana mahali inapochorwa pana uzito kuliko katika mitindo mingine, kwa sababu nusu ya picha ni ngozi yako mwenyewe. Kumbe picha nyingi tunazozitamani kwenye simu zimepigwa dakika chache baada ya kazi kuisha, kwenye ngozi nyeupe, mkono umenyooshwa chini ya taa kali. Dhana nyingi zinazofuata zimezaliwa humo.

"Ngozi nyeusi haishiki nukta"

Hii husemwa hata na baadhi ya wachoraji, na nionavyo mimi, mara nyingi anayesema hivyo hajajifunza kuchora watu weusi. Melanini, ile inayoipa ngozi rangi yake, iko kwenye tabaka la juu. Wino wa tatuu hukaa chini yake, kwenye kina cha milimita 1 hadi 2 hivi, kwa hiyo kila tatuu tunaitazama kupitia rangi ya ngozi ya mwenyewe. Wino mweusi halisi unaonekana bila shida. Kinachopotea ni kijivu, yaani wino uliozimuliwa ili kupata kivuli laini. Nukta hazina haja ya kijivu hicho, kwani kivuli chake kinatokana na nafasi kati ya kitone na kitone. Kwa hoja hiyo mtindo huu unatufaa kuliko mingi, ila nukta ziwe kubwa kidogo na ziachane zaidi kuliko zilivyo kwenye picha uliyopakua.

Wala kuweka weusi chini ya ngozi nyeusi si jambo geni kwetu. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma walichanjwa nembo za mistari na pembe nyusoni, majeraha yakapakwa unga mweusi wa mkaa, na nembo hizo zikasomeka mpaka uzeeni. Chale za mganga zinazopakwa dawa nyeusi hufanya kazi vivyo hivyo.

Cha kuogopa kweli ni keloidi, yaani kovu linaloendelea kuota na kuvuka mipaka ya jeraha lenyewe. Watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi, na ina sehemu inazozipenda: katikati ya kifua, mabega, mgongo wa juu, taya na ndewe za masikio. Sasa tazama picha zinazosambaa zaidi: mandala, yaani mchoro wa duara wenye petali, ya kidarini chini ya matiti, na ua la nukta begani. Kama ndewe lako lilivimba ulipotoboa, au kovu lako la chanjo ya kifua kikuu liliota likawa gumu, au mama yako na ndugu zako wana makovu ya namna hiyo, achana na kidari na bega. Usijidanganye pia kwa kuchorwa kanukta kamoja ka majaribio na kusubiri wiki mbili. Keloidi inaweza kuanza miezi kadhaa baada ya jeraha kupona.

"Nukta ni kitu kidogo, kwa hiyo inakaa popote"

Kidole, kiganja na unyayo ndizo sehemu zinazowaangusha wengi. Ngozi ya hapo ina tabaka la juu nene, inasuguliwa, inaoshwa mara kumi kwa siku, na inajibadilisha haraka. Mchoraji akidonoa juu juu, nukta inadondoka na gamba wakati wa kupona. Akizidisha kina, wino unavuka tabaka lake na kutawanyika chini, unabaki kama doa la buluu lenye ukungu. Kidoleni nafasi kati ya makosa hayo mawili ni finyu mno. Mstari wa nukta tano zinazolingana ubavuni mwa kidole unaweza kuishia na mbili nzima, moja iliyofifia, moja iliyotanuka na moja isiyoonekana kabisa.

Kama moyo wako uko mkononi, panda juu kidogo. Upande wa ndani wa mkono, kati ya kifundo na kiwiko, ni tambarare, ngozi yake imetulia na hauchomwi sana na jua. Nyuma ya sikio panapendeza kwa mwezi mchanga au nyota chache, basi. Usipeleke huko picha ya simba.

"Zikibanana zaidi, picha inapendeza zaidi"

Siku ya kwanza, ndiyo. Lakini wino haulali tuli. Watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha mwaka 2018, kwa kutumia panya, kwamba chembe za wino humezwa na seli za kinga ziitwazo makrofaji. Seli hizo zikifa, wino unaachiwa na kumezwa tena na seli mpya zilizo jirani. Tatuu inadumu kwa kupokezana namna hiyo. Nasi tunaona kwa macho kwamba kadiri miaka inavyokwenda kila kitone kinatanuka kidogo. Nukta zilizoachiana upana wa uzi zitashikana na kuwa kiraka kimoja cheusi.

Kwa hiyo ukubwa wa picha uamuliwe na mahali. Mgongo, paja na shavu la mguu vina uwanja wa kutosha, hivyo uso wa mtu, mlima wenye ukungu au mbuyu mzima unaweza kufifishwa polepole kutoka weusi hadi ngozi tupu. Uso uleule ukipunguzwa utoshee kifundo cha mkono, macho na pua vitakuwa madoa matatu. Kifundoni weka umbo moja la wazi, kama duara, pembetatu, jani moja, au mkufu wa nukta unaozunguka. Mchoraji anayekubali kila kitu bila kubisha, mimi ningemkimbia. Mwambie akuonyeshe kazi zake za mwaka mmoja au zaidi, zilizopona, kwenye ngozi inayofanana na yako.

"Mandala ikinyooka kwenye karatasi, mwilini itanyooka pia"

Hapa ndipo picha za simu zinapodanganya zaidi. Mandala ni duara lenye petali zinazolingana, na jicho la mtu hugundua mara moja duara lililopinda. Mwili hauna sehemu iliyo bapa kweli.

Chukua kiwiko. Mkono ukinyooka, ngozi ya pale inajikunja, ukipinda, inavutika. Mchoraji mwenye uzoefu hubandika karatasi ya stensili, ile inayoacha alama ya mchoro kwenye ngozi kabla ya sindano, mkono ukiwa umepinda kidogo, kisha anakuambia uunyooshe na kuupinda huku akiangalia petali zinavyokwenda. Wengi huacha ncha ya kiwiko wazi, duara tupu la ngozi, na kuanzisha nukta pembeni yake. Sababu ni kwamba ngozi ya nchani ni ngumu, inapokea wino vibaya na inapona kwa kupasukapasuka. Pengo hilo linakuwa kitovu cha ua. Goti nalo hufanyiwa hivyohivyo.

Mkono kati ya kiwiko na kifundo una ujanja mwingine, kwa sababu unajizungusha. Geuza kiganja chako juu, kisha chini, uone ngozi inavyosota. Mstari wa nukta ulionyooka ukiwa umelaza mkono mezani utakuwa umepinda ukisimama na mikono ikining'inia. Stensili ibandikwe ukiwa umesimama kama unavyosimama siku zote. Kwa mbavu, kumbuka zinapanda na kushuka kila unapovuta pumzi, kwa hiyo jiometria kali si chaguo zuri hapo. Tawi, unyoya au kundi la ndege huvumilia. Kwa anayetaka ulinganifu kamili, uti wa mgongo ndio mhimili wa kweli, kuanzia kisogoni kushuka. Hata hivyo sehemu ya juu ya mgongo ni ya wasio na historia ya keloidi.

"Nukta haziumi"

Kila mdonoo ni mwepesi, lakini midonoo ni maelfu na saa ni nyingi. Mbavuni, kidarini, nyuma ya goti na juu ya mfupa wa kifundo cha mguu panauma kwa mtindo wowote ule. Nje ya bega na pajani panavumilika.

"Ya mkono ni salama kuliko ya mashine"

Tatuu za kudonoa kwa mkono ni za zamani na nzuri. Whang-od, bibi wa kijiji cha Buscalan nchini Ufilipino aliyezaliwa mwaka 1917, amechora kwa mwiba na masizi maisha yake yote, na amewawekea maelfu ya wageni sahihi yake ambayo ni nukta tatu tu. Lakini usalama hautokani na kukosekana kwa injini. Sindano ya cherehani iliyopitishwa kwenye moto wa kiberiti na wino wa kalamu si vifaa vya kazi hii. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na chanjo yake ipo, kwa hiyo chanjwa mapema. Sindano ifunguliwe kwenye pakiti yake mbele ya macho yako, na wino umiminwe kwenye kikombe kipya. Akichovya kwenye chupa aliyomchovyea mwenzako, simama uondoke.

"Jaribu kwanza kwa piko"

Ushauri huu umeenea sana Pwani, na unaonekana wa busara: chora kwa piko, kaa nayo wiki mbili, uone kama mahali panakufaa. Hina halisi haina neno, nayo hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia. Haiwi nyeusi tii. Piko ni rangi ya nywele, na nyingi zina kemikali iitwayo PPD, ambayo haikutengenezwa ipakwe kwenye ngozi na kuachwa saa nzima. Baadhi ya watu hutoka malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, petali kwa petali, na kubaki na kovu la ua ambalo hawakulitaka. Mzio huo haukuachi tena. Miaka baadaye unapaka rangi ya nywele saluni, uso unavimba. Watalii wa fukwe za Unguja na Diani huuziwa piko kwa jina la hina nyeusi, na wengi hugundua wakiwa wamesharudi kwao.

Kama unataka majaribio, mwambie mchoraji akubandikie stensili tu, ukae nayo siku mbili tatu. Au tumia hina ya kawaida.

"Ikiwa chini ya nguo, haina shida"

Kwa ajira za ofisini, pengine. Kwa vyombo vya ulinzi, soma tangazo. Matangazo ya kuajiri ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini, na paja ni mwili. Kijana mwenye ndoto hiyo aamue kwanza la ajira.

Kinamama nao huambiwa kwamba tatuu ya kiunoni inazuia sindano ya ganzi ya mgongo wakati wa kujifungua. Tatuu iliyopona haijathibitishwa kuleta madhara kwa hilo, na kwa kawaida daktari wa usingizi hutafuta kipande cha ngozi kisicho na wino. Kwenye tatuu ya nukta hakosi. Kidonda kibichi ni jambo jingine.

"Ikiharibika, leza itafuta"

Leza husaidia, na wino mweusi ndio unaoitikia vizuri kuliko rangi zote. Ila kwa ngozi nyeusi swali la kumuuliza daktari ni urefu wa wimbi la mwanga wa leza hiyo: nanomita 1064 ndio unaonyonywa kidogo na melanini, na hivyo kupunguza hatari ya kuungua na kubaki na mabaka meupe. Ziara ni nyingi, zikiachana kwa wiki kadhaa. Mahali nako kunahesabika, kwani tatuu ya vidole au ya kifundo cha mguu hufutika polepole kuliko ya kifuani au mgongoni, ambako damu huzunguka vizuri zaidi.