Je, wajua kwa nini maabara huanza siku kwa kupima damu isiyo ya mgonjwa yeyote?

Saa moja na nusu asubuhi, foleni ya maabara imeshafika mlangoni. Mama aliyeambiwa aje bila kula anachungulia dirishani: mtaalamu yupo, koti jeupe kavaa, mashine inawaka taa, lakini hakuna anayeitwa. "Wanapiga stori tu humo ndani," mzee mmoja analalamika. Kumbe wapo kazini, tena kwenye kazi isiyotakiwa kurukwa hata siku moja. Wanaifanyia mashine mtihani.

Mtihani wenyewe umo kwenye kichupa kidogo kilichotoka kwenye friji. Ndani yake mna unga wa njano iliyofifia, uliotengenezwa kiwandani kwa majimaji ya damu ya binadamu au mnyama yaliyogandishwa na kukaushwa. Mtaalamu anavuta kwa pipeti maji maalumu ya maabara, mara nyingi mililita 5 kamili, anayamimina, anakizungusha kichupa taratibu, kisha anakiacha kwa dakika 20 au zaidi mpaka unga uyeyuke wote. Hakitikisi kama dawa ya kikohozi, maana povu huharibu vipimo. Majimaji hayo huitwa kontroli. Si ya Asha wala ya Juma, na majibu yake yanajulikana kabla hayajapimwa.

Kisa ni kwamba mashine haijui inapokosea. Taa yake ya ndani ikichoka, kitendanishi (dawa ya kupimia) kikipata joto njiani, umeme ukiyumba usiku kucha, bado itatoa namba nadhifu yenye nukta yake. Namba ya kweli na namba ya uongo huchapwa kwa wino uleule. Ndiyo maana inaulizwa kwanza swali ambalo muulizaji ana jibu lake mfukoni.

Tuchukue sukari. Maabara hupima kontroli ileile kwa siku zisizopungua 20, ikapata wastani wake na kujua majibu huyumba kwa kiasi gani siku hadi siku. Tuseme wastani ni 5.5 (milimoli kwa lita), na hatua moja ya kuyumba ni 0.1. Mtaalamu anachora grafu: mstari wa katikati kwenye 5.5, mistari ya hatua mbili kwenye 5.3 na 5.7, na mingine ya hatua tatu kwenye 5.2 na 5.8. Kila asubuhi anaweka nukta moja.

Kwa hesabu za takwimu, majibu kama 95 kati ya 100 yataangukia ndani ya hatua mbili. Maana yake ni kwamba karibu mara moja katika kila 20, nukta itatoka nje kidogo bila kosa lolote, kwa bahati tu. Ukisimamisha kazi kila inapotokea hivyo, wagonjwa watalala kwenye foleni. Lakini kuvuka hatua tatu hutokea kwa bahati kama mara 3 tu katika 1,000, kwa hiyo hapo kazi inasimama. Nukta mbili mfululizo zikivuka hatua mbili upande uleule, inasimama pia.

Kanuni ninayoipenda mimi ni ile ya nukta kumi. Leo 5.52, kesho 5.56, keshokutwa 5.54. Kila moja ukiitazama peke yake haina neno. Zikifika kumi mfululizo juu ya mstari wa katikati, mtaalamu mwenye jicho anajua kuna kitu kimehama, ingawa hakuna hata moja iliyovuka mpaka. Seti hii ya kanuni iliwekwa sawa na James Westgard na wenzake mwaka 1981, na hadi leo maabara nyingi duniani huzitumia.

Grafu yenyewe haikuzaliwa hospitalini. Walter Shewhart aliibuni mwaka 1924 akishughulikia ubora wa vifaa vya simu huko Marekani. Mwaka 1947, madaktari wawili wa Marekani, Belk na Sunderman, walichapisha matokeo ya kupeleka sampuli zilezile kwenye maabara za hospitali za jimbo la Pennsylvania na jirani zake, na majibu yaliyorudi yalitia aibu: damu moja, namba chungu nzima. Mwaka 1950 watafiti Levey na Jennings wakaileta ile grafu ya kiwandani kwenye benchi la maabara.

Jaribio la Pennsylvania ndilo lililozaa mtihani wa pili, ule unaotoka nje. Mara kadhaa kwa mwaka maabara hupokea kifurushi chenye sampuli ambazo safari hii yenyewe haina majibu yake, anayo aliyetuma. Kwa kipimo cha haraka cha VVU, nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, zimetumia njia moja ya werevu: tone dogo la sampuli, mikrolita 20, hutiwa rangi ya kijani na kukaushwa chini ya tyubu. Likikauka halihitaji barafu, linasafiri hadi zahanati ya mbali, na ile rangi humsaidia mpimaji kuliona na kujua limeyeyuka.

Kishawishi hapa ni kikubwa, tusidanganyane. Kifurushi kikifika, kinapewa fundi bora kuliko wote, kinapimwa mara tatu, pengine jirani anapigiwa simu: "Nyie sampuli namba mbili mmepata nini?" Mtihani wa namna hiyo haupimi kitu. Sampuli ya kifurushi inatakiwa ipite mikononi mwa yuleyule aliye zamu, kwa njia ileile ya damu ya mgonjwa. Katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani kuna mpango wa SLIPTA unaozipa maabara nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Nyota ya kwanza inaanzia alama 55 kwa mia, na ya tano inataka 95. Ni ngazi ya kuelekea ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba.

Pamoja na hayo yote, kontroli haioni kila kitu, kwa sababu haijawahi kupanda bodaboda. Sukari kwenye damu isiyowekewa dawa ya kuihifadhi hupungua kwa takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa ikikaa kwenye joto la kawaida, maana chembe za damu huendelea kuila. Damu iliyochukuliwa saa mbili asubuhi ikiwa na sukari 7.0, ikifika maabara saa sita mchana itasoma karibu 5.5. Mashine imesema kweli, nukta ya asubuhi ilikuwa katikati ya mstari, na mwenye kisukari ameambiwa yuko salama.

Au mtu wodini anajaza tyubu ya kifuniko cha zambarau, anaona ya kifuniko chekundu haijatosha, anamiminia kidogo. Ile ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu kuganda, yenye potasiamu nyingi na inayokamata kalsiamu. Majibu yanatoka potasiamu 14, ilhali ya kawaida haizidi 5 au zaidi kidogo, na kalsiamu karibu hakuna. Mtu mwenye namba hizo hakai kitandani akinywa uji. Mtaalamu anaangalia majibu yake ya jana, anayakuta ya kawaida, ananyanyua simu: "Leteni damu nyingine."

Mgonjwa anafungwa tena mpira mkononi, ananuna kwamba damu yake imepotezwa. Wapo wanaoapa kuwa inauzwa. Damu yenyewe bado ipo pale mezani, kwenye tyubu ya kifuniko chekundu, ikisubiri kutupwa.