Je, wajua kwa nini huwezi kujumlisha tu wati za chaneli zote ukapata saizi ya pawa saplai ya ampu (amplifaya)?

Swali hili linarudi kila mtu anapoanza kujiundia ampu ya chaneli nyingi. Mtu anasema: nina chaneli 6, kila moja wati 50, sita mara hamsini ni 300, basi natafuta transfoma ya 300 na kazi imeisha. Cha kushangaza ni kwamba transfoma ya 300 inaweza kweli kufaa hapo, lakini siyo kwa sababu ya hiyo hesabu, na ndo maana mtu akiitumia hesabu hiyohiyo kwenye ampu nyingine anakwama na hajui kakwama wapi.

Tuanze na volti, maana hii ni rahisi. Volti hazijumlishwi. Chaneli ziwe 2 au 10 zote zinakula kwenye laini zilezile za plasi na mainasi, kwa hiyo unaangalia chaneli moja tu, ile kubwa kuliko zote. Wati 50 kwenye spika ya ohm 8 zinataka mawimbi yanayopanda mpaka volti 28 hivi na kuvuta ampea 3.5 pale juu kileleni. Ongeza volti chache zinazobaki ndani ya transista zenyewe, ongeza na zile zinazoshuka ampu ikibanwa, unajikuta kwenye plasi 35 na mainasi 35. Transfoma ya 25-0-25, yaani inayotoa volti 25 za AC kila upande wa waya wa katikati, inakupa hapo, kwa sababu AC ikishapita daiodi na kapasita inapanda mara 1.41.

Ila angalia hapa. Hiyo 25 iliyoandikwa kwenye transfoma ni wakati imebebeshwa mzigo wake wote. Ikiwa haina mzigo inapanda, na umeme wa ukutani nao ukipanda asilimia 10 unaweza kukuta volti 42 kwenye kapasita. Kwa hiyo kapasita za volti 35 usithubutu, za 50 ndo mwanzo, za 63 unalala usingizi. Na IC ya ampu (chipu yenye transista ndani) nayo icheki, kwa mfano TDA7294 mwisho wake wa kufanyia kazi ni plasi na mainasi 40, sasa ukiipa transfoma ya 30-0-30 kwa tamaa ya wati zaidi umeshaivusha kabla hata hujachomeka spika.

Sasa wati, na hapa ndo penye utamu. Ampu ya class AB, aina ya kawaida kama hii ya mfano wetu, haipi spika kila inachovuta, nyingine inaishia kuwa joto kwenye hitisinki, lile bati la kupozea. Kwenye laini za volti 35, chaneli inayotoa wati 50 za sauti moja isiyokatika inavuta kama wati 79 kutoka kwenye pawa saplai. Zidisha kwa 6 unapata 474! Kumbe ile 300 ya mwanzo hata haitoshi. Lakini nani anasikiliza mlio mmoja usiokatika, kwa chaneli sita, kwa nguvu ya mwisho, saa nzima? Muziki siyo hivyo, muziki una kilele cha ngoma halafu unashuka, mwimbaji anavuta pumzi, gitaa linafifia. Hata ukifungua sauti mpaka vilele vinaanza kugusa dari, wastani wake mara nyingi hauzidi sehemu moja ya nane ya nguvu yote, na hiyo moja ya nane ndo inayotumika sana kwenye vipimo vya usalama vya ampu. Rudia hesabu kwa moja ya nane, kila chaneli inavuta kama wati 28, zote sita kama 167 tu.

Hiyo 167 ni wati za DC, na transfoma haihesabiwi kwa wati, inahesabiwa kwa VA, yaani volti mara ampea. Kapasita hazinywi umeme taratibu, zinagida kwa mafunda makali kila wimbi likifika kileleni, na mafunda hayo yanachemsha waya wa transfoma zaidi kuliko wati peke yake zinavyoonyesha. Zidisha kwa 1.5 kama makadirio, unapata 250 hivi, na saizi ya dukani inayofuata ni 300 VA. Umeona? Namba ni ileile lakini sasa unajua imetoka wapi.

Na kwa nini tunaruhusiwa kuchukua wastani? Kwa sababu transfoma inaungua kwa joto, na chuma na shaba vinachukua muda mrefu kupata moto, ukiizidishia kwa sekunde mbili haijali. Pawa saplai za swichi, zile SMPS nyepesi, haziko hivyo kabisa, zina ulinzi unaokata ampea zikivuka tu kiwango. Chukua ampu za class D, zile zinazowasha na kuzima transista kwa kasi ili zisipoteze joto jingi, za volti 24, chaneli inayotoa wati 50 inavuta zaidi ya ampea 4 pale kileleni, ngoma ikigonga kwenye chaneli 4 kwa pamoja ni kama ampea 17. Ukiwa na SMPS ya ampea 10, ambayo kwa wastani inatosha kabisa, inaweza kujizima kila besi ikipiga, mtu anadhani ampu ni mbovu. Kwa hiyo SMPS uichague kwa vilele, transfoma kwa wastani, hii usiisahau. Kapasita za ziada zinasaidia kubeba vilele, ila ukirundika nyingi mno baadhi ya SMPS zinaona kama shoti na zinagoma kuwaka.

Kwenye upande wa transfoma, kapasita unazipima hivi: kwa umeme wa 50 Hz zinajazwa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofaradi 10,000 zikitoa ampea 2 zinashuka kama volti 2 kabla hazijajazwa tena. Mimi kwa chaneli 6 naona 10,000 kila upande ni ya kuanzia, 20,000 ni nzuri, zaidi ya hapo sioni faida kubwa.

Sabwufa itoe kwenye mahesabu haya. Besi ndefu haipumziki kama sauti nyingine, na spika zake nyingi ni za ohm 4 ambazo kwa volti zilezile zinavuta ampea mara mbili. Ukiweza ipe transfoma yake peke yake, chaneli za sauti za watu hazitatikisika bomu likilipuka kwenye muvi.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza weka balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 katikati ya waya mmoja wa umeme unaoingia kwenye transfoma, ili umeme upite kwenye balbu kwanza, spika zikiwa hazijaunganishwa. Ikimulika kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, chomoa, subiri kapasita zishuke na upime kwa mita kwanza ndo uguse, maana hizo zinashika umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako.