Kinachomfanya aliyeacha afyuni asirudie

Familia nyingi zinaponijia huuliza mgonjwa wao ataacha lini. Kuacha kwenyewe kunapimika kwa siku. Aliyekuwa anatumia heroini, ambayo ni aina ya afyuni, huanza kupata arosto, yaani taabu za mwili kukosa dawa hiyo, saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hali huwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu, na kati ya siku ya 5 na ya 10 mwili unatulia. Wengi wa wanaofika kliniki wameshapita hapo zaidi ya mara moja. Kazi halisi inaanza baada ya siku hizo: nini kitamfanya awe mzima mwakani, na miaka mitano ijayo?

Kwa ninavyoona, kinachotangulia vingine vyote ni kubaki kwenye matibabu akiwa na dozi inayomtosha ya methadoni au buprenofini, dawa za kliniki zinazochukua nafasi ya heroini ili asipate arosto. Chunguza vizuri kile kinachoitwa "amerudia" na mara nyingi utakuta mtu aliyeondoka kliniki mapema mno, au aliyebaki lakini dawa yake haimfikishi kesho.

Nianze na hatari, maana hapa ndipo watu wanapokufa. Mtu anayesafishwa mwili kisha akaachwa bila dawa hutoka akiwa katika hatari kubwa kuliko alivyoingia. Mazoea ya mwili kwa afyuni hushuka haraka, lakini hamu inabaki. Kiasi kilekile alichokizoea zamani sasa kinaweza kumkata pumzi. Wanaotoka gerezani wako vivyo hivyo: utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachiliwa, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya raia wengine. Kwa upande wa pili, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2017 ulikuta vifo takriban 11 kwa watu 1,000 kwa mwaka miongoni mwa waliokuwa kwenye methadoni, na takriban 36 kwa waliokuwa wameiacha. Ndiyo sababu sikubaliani na mpango wowote unaoishia kwenye kusafisha mwili peke yake.

Sasa dozi. Methadoni huanza na miligramu 20 hadi 30 siku ya kwanza, na jumla ya siku hiyo isizidi 40. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo dozi ya leo inakutana na mabaki ya jana na ya juzi; kiwango chake kwenye damu huchukua kama siku 5 kutulia. Anayeongezewa kila siku kwa sababu bado analalamika anaweza kuwa sawa Jumatatu na kufa usingizini Alhamisi, hasa akichanganya na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu. Ongeza miligramu 5 hadi 10, subiri siku kadhaa, mtazame tena.

Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi, na linaumiza polepole. Arosto ikiisha kwenye miligramu 40, mhudumu anaridhika na dozi inaachwa hapohapo. Lakini kuisha kwa arosto ni hatua ya kwanza tu. Dozi ya kutosha inazima pia hamu, na inafanya heroini ikitumiwa isilete raha iliyotarajiwa. Wengi huhitaji miligramu 60 hadi 120 kwa siku. Muulize swali moja: dawa inakushika mpaka saa ngapi? Anayekunywa saa 3 asubuhi na kuamka saa 10 alfajiri akipiga miayo, pua inachuruzika, vinyweleo vimesimama na miguu inavuta, dozi yake ni ndogo. Huyo asubuhi atapita kijiweni, kwa wauzaji, kabla ya kufika kwako. Anayesinzia saa 2 hadi 4 baada ya kunywa, wakati dawa iko kileleni, dozi yake ni kubwa, au kuna kitu kingine amechanganya.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wanalaumiwa bure. Rifampisini ya kifua kikuu inalichochea ini livunje methadoni kwa kasi. Ndani ya wiki moja au mbili tangu aanze dawa za TB, mtu aliyekuwa ametulia kwa miezi anaanza kutoka jasho na kukosa usingizi, kisha anarudi mtaani, na watu wanasema hana nia. Nia anayo, kilichopungua ni methadoni kwenye damu. Efavirenzi na nevirapini za VVU, na kabamazepini na fenitoini za kifafa, hufanya hivyohivyo. Kliniki mbili zinazomhudumia mtu mmoja lazima ziongee: dozi ipandishwe hatua kwa hatua kadiri dalili zinavyojitokeza, na rifampisini inapokwisha ishushwe tena hatua kwa hatua, kwa sababu ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki chache na dozi iliyokuwa inamtosha inageuka kuwa kubwa mno. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika.

Buprenofini ina mitego yake. Inashika kwa nguvu vipokezi, yaani sehemu za ubongo ambako heroini hushika, na kuisukuma pembeni heroini iliyopo, huku yenyewe ikivisisimua kwa kiasi tu. Akiitumia mapema atapata arosto ya ghafla, kali kuliko anayoijua, na huenda asirudi tena kuijaribu. Asubiri angalau saa 12 baada ya heroini, na zaidi sana kama anatoka kwenye methadoni, mpaka dalili zionekane kwa macho: mboni zimetanuka, jasho, miayo, kutotulia. Aanze na miligramu 2 hadi 4. Wengi huishia kwenye 16, wengine 24. Kidonge kinakaa chini ya ulimi mpaka kiyeyuke chote, dakika 5 hadi 10, bila kuongea, kunywa wala kumeza mate; kikishuka tumboni sehemu kubwa inapotea. Baadaye asukutue kwa maji, na apige mswaki baada ya saa moja, kwa sababu dawa hii inaweza kuharibu meno.

Siku zinazokosekana zina kanuni yake. Aliyekosa methadoni siku 3 mfululizo apimwe upya na dozi ipunguzwe kabla ya kumpa. Aliyekosa siku 5 au zaidi aanze upya kama mgeni. Halafu muulize kwa nini alikosa. Mara nyingi jibu ni kazi inayoanza kabla kliniki haijafunguliwa, au nauli. Kliniki inayofungua mapema, na dozi za kwenda nazo nyumbani kwa aliyetulia, huwabakiza watu kuliko hotuba yoyote.

Usingizi na maumivu navyo hufukuza watu. Baada ya arosto kali huja miezi ya kulala kwa vipande na kukosa raha katika chochote. Mwambie mapema, asidhani ameharibika milele. Huzuni nzito na majeraha ya kiakili ya zamani yatibiwe sambamba na uraibu, bila kusubiri "atulie kwanza". Na mtu aliye kwenye methadoni akivunjika mguu anahisi maumivu kama wengine. Dozi yake ya kila siku hutuliza maumivu kwa saa chache tu. Aendelee nayo na apewe dawa ya maumivu juu yake.

Mazingira yana uzito mkubwa. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Kati ya waliokuwa waraibu wa heroini kule, wachache sana, kama asilimia 5, walirudi kwenye uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Wengine huichukulia habari hii kama ushahidi kwamba tiba haihitajiki. Mimi naisoma tofauti: wale waliacha nyuma wauzaji, wenzao wa kutumia nao na kila kitu kilichoiamsha hamu. Mgonjwa wako analala hatua chache kutoka kijiweni. Kwa hiyo panga naye mambo madogo yanayoshikika: abadilishe namba ya simu, apite njia nyingine, mshahara upokelewe na mtu anayemwamini kwa miezi ya mwanzo, na saa alizokuwa akitumia ziwe na kazi ya kufanya.

Nyumbani kuwe na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha afyuni, na anayejua kuitumia awe mtu mwingine, kwa kuwa aliyezidisha hawezi kujichoma mwenyewe. Inafanya kazi dakika 30 hadi 90. Methadoni hukaa muda mrefu zaidi. Aliyezinduka asiachwe peke yake, anaweza kuzama tena, na apelekwe hospitali.

Mkojo ukionyesha heroini, pima dozi kwanza kabla ya kupima tabia. Kumfukuza mtu kwa sababu ameonyesha dalili ya ugonjwa aliokuja kutibiwa ni kumrudisha kwenye zile takwimu za vifo.

Anayetaka kumaliza dawa, asiharakishwe na ndugu wanaosema methadoni ni uraibu mwingine. Mwaka mmoja ni mdogo, na wengine watabaki nayo maisha yao yote wakiwa kazini na wanalea watoto. Akiamua mwenyewe, punguza asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, na polepole zaidi chini ya miligramu 30. Usingizi ukivurugika au hamu ikirudi, simama hapo, au rudi hatua moja. Baada ya dozi ya mwisho apewe tarehe ya kuonana nanyi ndani ya wiki 2, kisha kila mwezi, akijua anaweza kurudishwa kwenye dawa siku hiyohiyo akiomba. Naloksoni ibaki nyumbani, maana mwili wake sasa hauna mazoea tena.